Bafe Hutoa Muhula, Tusiupoteze



Mama zangu, dada zangu na ndugu zangu wasomaji, baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), wiki hii tuzungumze juu ya kiumbe ambaye wengi wetu hatupendi hata kumtaja jina usiku. Wazee wetu, likishakuchwa jua, walimwita kamba au ukambaa, wakichelea kwamba atajwaye huja. Sisi leo tutamtaja kwa jina lake, kwani asiyemjua adui hajui namna ya kujikinga naye. Tunamkusudia nyoka, na katika nyoka wote tumchague mmoja aliye jirani yetu sana: bafe.

Sababu ya kuandika ni hii. Milango yetu sisi tunaoitwa masheikh hubishwa kwa mengi, na mojawapo ni mtu aliyeumwa na nyoka. Huletwa amebebwa, mguu umeshakazwa kwa kitambaa, jamaa wanaomba asomewe. Nia yao ni njema, na kisomo ni haki. Lakini kila dakika inayopita barazani kwa sheikh au uani kwa mganga imetolewa katika wakati wa mgonjwa kufika hospitali. Akimaliza ukurasa huu, napenda msomaji awe amelishika jambo moja: bafe kwa kawaida haui papo kwa papo. Hutoa muhula, na uhai wa mtu pamoja na salama ya mguu wake hutegemea muhula huo umetumiwa vipi.

Bafe ni nani

Bafe, ambaye wengine humwita kifutu, wengine moma na wengine piri, ni nyoka mnene wa kimo kifupi. Aliyekomaa aghalabu ni wa urefu wa mita 1 hivi. Kichwa chake ni kipana na bapa, chenye umbo la pembetatu; shingo imebana na mkia ni mfupi. Mwili una rangi ya hudhurungi au ya manjano iliyofifia, na mgongoni pana mistari myeusi iliyokunjwa mithili ya herufi V, mmoja nyuma ya mwingine. Akilala juu ya majani makavu, au kando ya lundo la makumbi ya nazi, waweza kupita hatua moja mbele yake usimwone.

Nyoka huyu hupatikana karibu kote barani Afrika kusini mwa Sahara, ila ndani ya misitu minene na kwenye majangwa makavu kabisa. Yuko pia Yemen na kusini-magharibi mwa Saudi Arabia, na wasomaji wenye asili ya huko huenda wamesikia habari zake kwa babu zao. Kwetu pwani yuko mashambani, vichakani, na pembezoni mwa miji ambako nyumba mpya zinajengwa penye vichaka vya zamani.

Tabia yake ndiyo inayomfanya awe hatari. Nyoka wengi, wakisikia vishindo vya mtu, hukimbia. Bafe hakimbii. Yeye ni mvizia: hujilaza mahali pamoja, pengine siku kadhaa, akimngojea panya au chura apite. Akihisi mtu anakuja hutulia vile vile, akitegemea rangi yake imfiche. Wataalamu wa Afrika Kusini walichapisha mwaka 2015 utafiti ulioonyesha kwamba bafe aliyejificha hata harufu haitambulikani: mbwa waliofunzwa kunusa walishindwa kumtofautisha, na wanyama wa jamii ya nguchiro vivyo hivyo. Basi mtu anayetembea gizani kwa miguu mitupu atamwonaje?

Akikerwa hujaza pumzi na kutoa mfoko mkubwa kama wa mfuko wa mfua chuma. Huo ni uonyo, na mwenye kuusikia asimame, kisha arudi nyuma taratibu. Akitambaa husogea moja kwa moja mithili ya kiwavi, polepole, hata mtu akamdhania goigoi. Asidanganyike. Pigo lake hufika kufumba na kufumbua.

Tena bafe hatagi mayai nje. Huzaa watoto walio hai. Mzao mmoja huwa wa watoto 20 hadi 40, na kuna bafe jike mwenye asili ya Kenya, aliyefugwa katika bustani ya wanyama nchini Czech, aliyezaa watoto 156 kwa mara moja. Na vitoto hivyo huzaliwa na sumu yao. Kwa hiyo mtoto wako asiachwe kuchezea "kinyoka kidogo" alichokiokota kwa kuwa tu ni kidogo.

Sumu yake hufanya nini

Nyuma ya macho ya bafe kuna tezi mbili zinazotengeneza sumu. Tezi hizo zimeungana na chonge mbili ndefu zilizo wazi ndani, kama sindano ya daktari. Mdomo ukifungwa, chonge hukunjwa na kulazwa kwenye kaakaa. Mdomo ukifunguliwa ili kuuma, husimama na kuelekea mbele. Chonge za bafe ni ndefu, zaweza kupita sentimita 1, kwa hiyo sumu huingizwa ndani ya nyama na wala haibaki juu ya ngozi. Ndiyo maana kunyonya jeraha kwa mdomo hakufai kitu.

Mwenyezi Mungu amempa nyoka sumu hii kwa riziki yake. Humuuma panya, humwachia, kisha hufuata harufu yake mpaka alipoangukia. Wakati huo sumu imeshaanza kuisaga nyama ya panya kabla haijafika tumboni. Ni mchanganyiko wa protini na vimeng'enya, na kinachomsaga panya ndicho kitakachousaga mguu wa mwanadamu.

Aliyeumwa husikia maumivu makali mara moja. Katika muda mfupi mahali pale huanza kuvimba, na uvimbe hupanda: kutoka wayo hadi kifundo, kutoka kifundo hadi goti, pengine hadi nyonga. Ngozi huota malengelenge, mengine yenye damu. Maji ya mwilini huvujia kwenye uvimbe, na mapigo ya damu hushuka. Damu yaweza kukosa kuganda inavyopaswa. Siku zikipita, nyama iliyokuwa kando ya jeraha huoza. Mtoto yuko hatarini zaidi, kwani sumu ni ile ile na mwili wake ni mdogo. Mama mja mzito naye asiambiwe angoje mpaka kuche.

Lakini zingatieni: mara nyingi mtu aliyeumwa na bafe akifa, hufa baada ya saa nyingi, hata baada ya siku nzima au zaidi, kwa kupungukiwa na damu na maji na kwa madhara yanayofuata. Huo ndio muhula niliousema. Ni mrefu kuliko ule wa nyoka wengine. Upo wakati wa kutafuta gari na wakati wa kufika hospitali. Wakati usiokuwepo ni wa kuzunguka kwanza kwa watu watatu.

Kwa nini jiwe jeusi "huponya"

Hapa nitajibiwa: "Sheikh, fulani aliumwa, akawekewa jiwe jeusi, likanasa, likanyonya sumu, akapona." Simkatalii kwamba alipona. Naomba tutazame kilichomponya.

Kwanza, nyoka wengi waliopo hapa kwetu hawana sumu ya kumdhuru mtu, na usiku nani aliyetazama ni nyoka gani? Pili, hata nyoka mwenye sumu huuma pengine bila kuitoa, au akatoa kidogo, kwani sumu ni riziki yake na aliyemuuma hamli. Mtu wa namna hiyo atapona akiwekewa jiwe, akiwekewa jani, au asipowekewa chochote. Jiwe jeusi, ambalo aghalabu ni kipande cha mfupa uliochomwa, hunata penye damu kwa sababu lina vitundu vingi vinavyofyonza majimaji. Sumu iliyokwisha kuingia ndani ya nyama hailifuati. Shirika la Afya Duniani limeonya dhidi ya kulitegemea.

Basi wale waliopona ndio wanaosimuliwa. Wale waliokatwa mguu kwa kuchelewa hawasimuliwi barazani, na waliokufa huambiwa siku yao ilikuwa imefika. Siku ya kila mtu imeandikwa, hilo ni katika imani yetu. Lakini hatukuamrishwa kuikalia njiani.

Mfano kutoka Marekani

Wako miongoni mwetu wenye watoto na ndugu Marekani. Huko upande wa mashariki wa nchi yuko nyoka wa ukoo mmoja na bafe, jina lake copperhead, yaani kichwa cha shaba, kwa ile rangi ya kichwa chake. Naye ni mvizia, naye hutulia kwenye majani makavu, naye huuma waliomkanyaga. Miongoni mwa nyoka wenye sumu wa nchi hiyo, yeye anatajwa kuwa ndiye anayewauma watu wengi zaidi, na wanaokufa kwa sumu yake ni nadra mno.

Ni kweli kwamba sumu ya copperhead ni dhaifu kuliko ya bafe. Lakini Marekani kuna nyoka wakali kuliko yeye, na hata hivyo takwimu za serikali yao zasema watu 7,000 hadi 8,000 huumwa kila mwaka na nyoka wenye sumu, na wanaokufa ni kama 5. Duniani kote, Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu 81,000 hadi 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka, na wanaobaki na ulemavu wa kudumu au kukatwa viungo ni kama mara tatu ya idadi hiyo. Wengi wao ni wa Asia na Afrika, wakulima na watoto wao. Mwaka 2017 shirika hilo liliiweka sumu ya nyoka katika orodha ya maradhi ya nchi za joto yaliyosahauliwa. Tofauti hii haikuletwa na ukali wa nyoka peke yake. Imeletwa na dawa iliyo karibu, na mtu anayepelekwa kwenye dawa hiyo bila kuchelewa.

Dawa yenyewe

Dawa hiyo huitwa antivenomu. Daktari Albert Calmette wa Ufaransa alikuwa miongoni mwa walioitengeneza kwanza, katika miaka ya 1890, na njia yake ndiyo inayofuatwa hadi leo. Farasi hudungwa sumu kidogo kidogo, kiasi kisichomdhuru, mpaka mwili wake ujifunze kuipinga. Kisha damu yake hutolewa kiasi, na ile sehemu inayopinga sumu husafishwa na kutiwa katika chupa. Mgonjwa hupewa kwa njia ya mshipa.

Dawa hii si ya kununuliwa dukani na kudungwa nyumbani. Mwili wa mtu waweza kuikataa ghafla, akawashwa mwili mzima au akabanwa na pumzi, na ni hospitali tu penye dawa na vifaa vya kumwokoa. Vile vile si kila aliyeumwa huipewa. Daktari hutazama uvimbe na dalili nyingine. Kipo hata kipimo kisichohitaji mashine: damu kidogo hutiwa katika chupa safi ya kioo, ikaachwa imetulia dakika 20. Isipoganda, imejulikana kwamba sumu imeingia kwenye damu. Kwa hiyo mkiambiwa mngojee, msidhani mmepuuzwa. Lakini ulizeni kwa adabu: "Daktari, dawa ya sumu ya nyoka ipo hapa? Isipokuwepo, mtatupeleka wapi, na lini?" Dawa hii ni ghali na haipatikani kila kituo, na mwenye kuuliza mapema huokoa safari mbili.

La kufanya na la kuacha

Mtu akiumwa, fanyeni haya:

Msogezeni mbali na nyoka. Msimfukuze nyoka ili mumwue, maana wengi huumwa mara ya pili katika kufukuza. Inatosha kukumbuka rangi na umbo lake; mkipata kumpiga picha kwa simu mkiwa mbali, ni vyema.

Mvueni pete, bangili, vikuku, saa na viatu, upesi, kabla uvimbe haujafika. Bangili iliyobaki kwenye mkono uliovimba huwa pingu.

Mlazeni, atulie, asitembee. Kiungo kilichoumwa kifungwe kwenye ubao au gazeti lililokunjwa, kwa leso iliyolegea, ili kisitikisike tu. Kidole kiweze kupita chini ya fundo.

Chukueni kalamu, muweke alama uvimbe ulipofika na saa yake. Daktari atajua unapanda kwa kasi gani.

Mpelekeni. Gari ni bora, kwani ataweza kulala. Akitapika alazwe ubavu. Kama hakuna ila bodaboda, akae katikati, na mtu wa kumshika nyuma.

Na haya yaacheni: Msimkaze kamba. Sumu ya bafe ni yenye kuozesha nyama. Mkiifunga mahali pamoja na damu mkaizuia, mmeuhukumu mguu. Msichanje kwa wembe, kwani damu yake huenda haigandi na hamtaweza kuizuia. Msinyonye, msichome moto, msipake mafuta ya taa, msimnyweshe dawa za kutapisha. Na kwa maumivu msimpe aspirini wala zile za jamii ya ibuprofeni, kwani huzidisha kutoka damu, panadoli yafaa.

Kuhusu nyoka atemaye mate, yule tumwitaye swila: mate yakiingia machoni, mwosheni kwa maji safi mengi yanayomiminika, muda mrefu, asijisugue, kisha apelekwe hospitali hiyo hiyo.

Kisomo, ruhusa na tuhuma

Sasa niseme yaliyo upande wangu. Kisomo kwa aliyeumwa kina asili katika dini. Imepokewa kutoka kwa Abu Said al-Khudri (R.A.) habari ya masahaba waliokuwa safarini, wakamsomea Fatiha mkuu wa kabila aliyekuwa ameumwa na mdudu mwenye sumu, akapona, na Mtume (S.A.W.) akaliridhia. Lakini ni Mtume huyo huyo aliyetuamrisha kutafuta matibabu na kutufunza kwamba kila ugonjwa umeteremshiwa dawa. Na yule bedui aliyeuliza kama amwache ngamia wake wazi na amtegemee Mungu, aliambiwa amfunge kwanza kisha ategemee. Basi gari liwashwe, na kisomo kiwe ndani ya gari. Mama aliyempakata mwanawe anaweza kumsomea Fatiha njia nzima. Haihitaji sheikh, wala sheikh hana Fatiha nyingine. Na ukimleta mgonjwa kwangu kabla ya hospitali, nitampandia gari ulilomletea na tutaondoka sote.

Pili, ruhusa. Mume yuko baharini, au yuko kazini Ghuba na simu haipatikani. Mke ameumwa na bafe akiokota kuni. Wako wanaosema angojewe. Hangojewi. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya sharia, na dharura ina hukumu yake. Vivyo hivyo akiwa ameumwa pajani na daktari aliyepo ni mwanamume: afunuliwe panapohitajika, atibiwe, wala hakuna aibu wala dhambi. Akiwa amefunga Ramadhani, afungue ikiwa ugonjwa au dawa yahitaji, atalipa siku nyingine.

Tatu, tuhuma. Panapoumwa mtu, mara husikika minong'ono: nyoka huyu ametumwa. Hutajwa jirani, hutajwa mke mwenza, hutajwa mkwe. Jeraha la mguu hupona, na undugu uliokatwa kwa tuhuma usipone. Bafe alikuja kwa sababu palikuwa na panya, na panya alikuja kwa sababu palikuwa na makombo. Kabla ya kumtazama jirani, tutazame chini ya kichanja cha vyombo.

Ama kumwua nyoka, sharia imeruhusu kuwaua nyoka na nge hata mtu akiwa katika sala. Na kuhusu nyoka wa majumbani yamepokewa mafunzo ya kuwaonya kwanza, na wanavyuoni wamekhitilafiana upeo wake. Ninachosisitiza ni usalama: asiye na ujuzi asimkabili bafe kwa fimbo fupi. Aondoe watoto, amtazame kwa mbali ajue yuko wapi, na aite mwenye kujua. Huko Watamu, kaunti ya Kilifi, kipo kituo cha Bio-Ken, kilichoanzishwa mwaka 1980 na marehemu James Ashe, kinachofuga nyoka na kufundisha watu habari zao. Hata yule swila mkubwa wa pwani yetu, aliyetambuliwa na wataalamu kuwa ni aina ya peke yake mwaka 2007, alipewa jina la kitaalamu kwa kumkumbuka mtu huyo.

Adabu za jioni

Mtume (S.A.W.) alitufunza tuwazuie watoto wetu ndani jua linapokuchwa, tufunike vyombo, tuzime taa tunapolala, na tukung'ute matandiko kabla ya kujinyoosha. Mafunzo hayo yana hekima zake, nazo ni pana kuliko habari ya nyoka. Lakini tazameni yanavyofaa hapa: magharibi ndiyo saa bafe anapoanza kutoka, chombo kilichofunikwa hakimwiti panya, na tandiko lililokung'utwa halina mgeni.

Tuongeze juu yake haya machache. Kuni na makumbi ya nazi yakae mbali na mlango, na anayechukua ajongeze kwanza kwa fimbo, asitie mkono asipopaona. Banda la kuku liinuliwe na lizibwe matundu. Majani ya kuzunguka nyumba yafyekwe, hasa baada ya mvua. Usiku hakuna kwenda msalani wala kuanua nguo bila tochi na viatu, na simu nyingi siku hizi zina taa. Anayelala chini kwenye mkeka atafutiwe kitanda akiwezekana, na chandarua kichomekwe chini ya godoro. Kile tulichokitundika kwa ajili ya mbu humzuia na nyoka.

Wala tusimchukie bafe kupita kiasi. Anatulia panya wanaomaliza mahindi ghalani. Na wako bibi zetu wanaomeza vidonge vya presha kila asubuhi wasiojua kwamba baadhi ya vidonge hivyo asili yake ni nyoka: sumu ya nyoka wa Brazili aitwaye jararaca, wa ukoo huo huo wa bafe, ndiyo iliyowaonyesha wataalamu njia ya kutengeneza kaptopril, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1981, na nyingine za jamii yake zikafuata. Mola wetu hakuumba kitu bure.

Nina ombi moja kabla hatujaagana. Wiki hii, kila nyumba iulize: hospitali gani iliyo karibu nasi ina dawa ya sumu ya nyoka? Jibu liandikwe, pamoja na namba ya mwenye gari anayekubali kuamshwa usiku, na karatasi ibandikwe nyuma ya mlango, mahali ambapo hata mtoto ajuaye kusoma ataiona. Mkiwa na jirani mjane, au mwenye mume aliye safarini, mwandikieni naye.

Mwenyezi Mungu atuhifadhi sisi na vizazi vyetu na shari ya kila chenye sumu, na awaponye waliokwisha kupatwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.